Shilingi ya Kenya "ina nguvu" mara ishirini? Tulimalize hili leo

Jumanne nimeisikia tena. Nilikuwa nimekaa na mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayepeleka machungwa ya Muheza hadi soko la Kongowea, Mombasa, kwa kupitia mpaka wa Horohoro. Tunapitia daftari lake la mauzo. Chini ya ukurasa kaandika kiasi cha shilingi za Kenya alizozifungia ndani, na pembeni neno moja: akiba. Nikamuuliza kwa nini hazibadilishi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku.

"Mwanangu, hela yetu si haina thamani? Moja ya wenzetu ishirini yetu. Mimi naweka kwenye hela yenye nguvu."

Kabla ya kuanza kuwashauri wafanyabiashara hapa Ngamiani, Tanga, nilikaa miaka kumi na moja kwenye dirisha la fedha za kigeni benki. Sentensi hiyo nimeisikia kwa mama ntilie, kwa dereva wa Fuso, kwa mhitimu wa chuo, na kwa mhasibu mmoja ambaye kwa kweli alipaswa kuona haya. Safari hii naiandika, ili atakayekuja nayo kesho nimtumie tu hii asome.

Tufanye jaribio. Tuseme usiku wa leo serikali inafuta sifuri mbili kwenye shilingi yetu. Chapati ya 500 kesho asubuhi ni shilingi 5. Mshahara wa 600,000 ni 6,000. Deni lako la 200,000 dukani kwa Mpemba limekuwa 2,000, na Mpemba atalidai vilevile. Dola iliyokuwa 2,500 sasa ni 25. Shilingi ya Kenya, ambayo ni kama 130 kwa dola, imebaki palepale. Piga hesabu: shilingi moja yetu mpya inanunua zaidi ya tano za Kenya. Je, Mtanzania ametajirika usiku? Mkenya amefilisika? Hakuna aliyeongezewa hata chapati moja.

Na si hadithi ya kutunga, nchi zimefanya hivyo. Uturuki ilifuta sifuri sita mwaka 2005. Ghana ilifuta nne mwaka 2007, sidi yao mpya ikaanza ikiwa inakaribiana na dola moja, watu wakajisifu. Zambia ilifuta tatu mwaka 2013. Kufikia mwisho wa 2022 sidi ilikuwa imeshavuka 10 kwa dola, na mwaka huohuo Ghana ikaenda IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kuomba mkopo wa dola bilioni 3. Lira ya Uturuki iliyoanza kwenye moja na ushee kwa dola ilifika karibu 30 mwishoni mwa 2023. Zimbabwe sitaki hata kuanza, wao walifuta sifuri mara tatu ndani ya miaka minne.

Ukitaka kuona jinsi namba hii isivyosema chochote, weka Jordan na Japani pamoja. Dinari moja ya Jordan inanunua dola 1.4. Yeni ya Japani unahitaji 150 hivi kupata dola moja. Kwa hesabu ya mama yangu wa machungwa, Jordan ni tajiri kuliko Japani mara mia mbili na kitu. Jordan hiyohiyo imekwenda IMF mara kadhaa. Wakorea Kusini, wanaotuuzia simu na magari, dola moja kwao ni zaidi ya woni 1,000.

Sasa niwe mkweli, maana mtu mwenye akili ataniuliza: hiyo 20 imetoka wapi basi? Ipo sababu. Benki Kuu yetu (BoT) ilifunguliwa Juni 1966, Kenya na Uganda nao wakaanza kutoa noti zao mwaka huohuo, na shilingi zote tatu zilikuwa sawa kwa sawa, 7.14 kwa dola. Zilirithi kiwango cha shilingi ya Afrika Mashariki ya mkoloni, shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza. (Kabla pauni haijashushwa mwaka 1949, hesabu hiyo ilifanya dola iwe karibu shilingi tano. Wazee wanasema ndiyo maana sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na nauli ya dala ikazaa daladala. Kila ukipanda daladala umekalia kiwango cha ubadilishaji cha zamani.) Kilichotutenganisha na Kenya ni mfumuko wa bei wa miaka yetu migumu, hasa ya themanini, na kushushwa kwa thamani ya shilingi mfululizo. Mwaka 1986 peke yake, tulipoingia kwenye mpango na IMF, dola iliruka kutoka shilingi 17 hivi hadi 40. Mwaka 2000 ilikuwa imefika karibu 800.

Kwa hiyo ile 20 ni kovu, siyo kidonda. Inakwambia babu yako aliumwa nini, haikwambii leo nani ana homa. Nguvu ya sarafu unaitazama kwa mwendo wake: mwaka jana ilikuwa wapi, leo iko wapi, na bei za ndani zimepanda kiasi gani katikati.

Turudi kwenye daftari la mama, maana hapo ndipo inapouma. Fedha zile alianza kuziweka Januari 2023, shilingi 200,000 za Kenya. Wakati huo moja yao ilikuwa karibu 19 zetu. Desemba 2023 ilikuwa karibu 16. Hakuibiwa, hakula, hakumkopesha shemeji. Kakaa nazo ndani ya sanduku la khanga, na katika miezi kumi na mbili zikapungua zaidi ya laki tano za Tanzania. Tena mwaka huo ambao mfumuko wetu wa bei ulikuwa chini ya asilimia 5, na Kenya waliuanza wakiwa na asilimia 9. Hela "isiyo na thamani" ndiyo iliyokuwa imetulia.

Kwa nini ya Kenya ilianguka? Kenya ilikuwa na hatifungani, yaani karatasi ya mkopo ambayo serikali inawauzia wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyouzwa nje mwaka 2014 na iliyokuwa inaiva, yaani inatakiwa kulipwa, Juni 2024. Mwaka mzima wa 2023 wawekezaji walikuwa wanajiuliza dola hizo zitatoka wapi. Riba za Marekani zilikuwa zimepanda, kukopa upya nje ni ghali, na kila mwenye shilingi za Kenya na wasiwasi alikimbilia dola. Mwezi Januari 2024 dola ikapita shilingi 160 zao. Kisha Februari wakatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, wakanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva. Hofu ikashuka, na ndani ya wiki chache dola ikarudi 130 na ushee. Mkopo uliosainiwa mbali kabisa na Muheza ndio uliopandisha na kushusha bei ya machungwa ya mama. Huu ndio mfumo wa fedha wa dunia ninaotaka wateja wangu wauone, badala ya kubishana nani ana sifuri chache.

Mama aliposikia kwamba baadaye ilipanda tena hadi karibu 20 akacheka: "Si nilikwambia?" Hapana, mama. Hukujua itapanda, kama ambavyo hukujua itashuka. Ulicheza kamari ukaiita akiba.

Ushauri wangu huu nimeurudia hadi mke wangu anaumaliza kabla yangu: deni na matumizi yako yako kwenye sarafu gani, akiba yako iwe kwenye hiyohiyo. Mama ananunua machungwa shambani kwa shilingi yetu, analipa vibarua kwa shilingi yetu, ada za watoto Makorora kwa shilingi yetu. Za Kenya anazihitaji kwa ushuru wa sokoni na mzigo wa kurudi nao tu. Abaki na hizo, nyingine abadilishe wiki ileile. Na kila Jumatatu aandike kiwango kwenye daftari, kwa kalamu, hata kama habadilishi chochote siku hiyo. Simu inasahau, na inakuonyesha leo tu. Daftari linakuonyesha mwendo.

Madai mengine ninayoyasikia nayapitia haraka, maana subira imeniishia.

"BoT ndiyo inapanga dola iwe shilingi ngapi kila asubuhi." Ilikuwa hivyo enzi zile. Tangu 1994 tuna soko la fedha za kigeni baina ya mabenki. Mabenki yananunua na kuuziana, na kile kiwango BoT inachotangaza ni wastani wa biashara hiyo. Benki Kuu huingia sokoni kununua au kuuza pale mtikisiko unapozidi, lakini kuingia sokoni si kupanga bei. Usimpigie simu mtu wa Benki Kuu umlaumu kwa bei uliyopewa kwenye duka la kubadilishia fedha.

"Dola ina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna dhahabu." Ilikuwepo, na hata hiyo si kwa ajili yako. Kwenye mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944 nchi 44 zilikubaliana kufunga sarafu zao kwenye dola, na dola kwenye dhahabu kwa dola 35 kwa wakia, lakini walioweza kwenda kudai dhahabu ni serikali na benki kuu. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon akalifunga dirisha hilo, na halijafunguliwa tena. Dola inabebwa na ukubwa wa uchumi wa Marekani, soko la hatifungani zao, na mazoea: zaidi ya nusu ya akiba za benki kuu duniani imekaa humo. Na wewe unayeniambia kwamba BoT inanunua dhahabu ya Geita kwa hiyo shilingi sasa ina dhahabu, nenda na noti yako ya elfu kumi ukaombe gramu.

"IMF na Benki ya Dunia ni kitu kimoja." Ni ndugu, wamezaliwa mkutano mmoja na wanakaa mji mmoja, Washington. IMF unamwita urari wa malipo yako ya nje unapoyumba, dola zimekauka na huwezi kulipa uagizaji. Benki ya Dunia inakopesha barabara, maji, shule. Sisi ni wanachama wa wote wawili tangu 1962.

"Shilingi ikishuka wote tunaumia." Muulize mwenye shamba la mkonge. Anauza kwa dola, analipa wakataji kwa shilingi. Shilingi ikishuka yeye hana ugomvi nayo, mpaka trekta liharibike akahitaji vipuri vya kuagiza.

"Siku hizi ni kosa kuwa na dola." Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwenye nyumba wa Raskazone asikudai kodi kwa dola. Hazikatazi wewe kuwa na dola wala kuwa na akaunti ya dola. Someni.

La mwisho nalo limeleta ugomvi ofisini kwangu. "Nimetuma TT China, pesa imeliwa njiani." TT ni kutuma pesa nje kupitia benki, na hakuna pesa inayosafiri. SWIFT, iliyoanzishwa mwaka 1973 na yenye makao Ubelgiji, ni mtandao wa mabenki kutumiana ujumbe tu. Benki yako ya hapa Tanga, kupitia makao yake makuu, ina akaunti kwenye benki nyingine, mara nyingi New York. Ujumbe unakwenda: toeni dola kadhaa kwenye akaunti yetu, mpeni fulani. Ile benki ya katikati inatoa, inapitisha mbele, na inakata chake.

Kijana mmoja anayeleta vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou alituma dola 8,000. Zikafika 7,975. Muuzaji akagoma kuachia hati za mzigo kwa sababu ya dola 25, kontena likakaa bandarini, na gharama za kukaa pale zikaanza kuhesabiwa. Alikuja kwangu akitaka nimsaidie kuandika barua ya kuishitaki benki. Nikamwambia kwanza lete fomu uliyojaza. Kuna visanduku vitatu vya gharama: OUR, unalipa zote wewe, BEN, analipa mpokeaji, SHA, mnagawana: wewe unalipa za benki yako, yeye anakatwa zilizobaki. Ametia tiki SHA, kwa mkono wake, na sahihi chini.