"Ndege Naihisi Kiunoni" na Dhana Nyingine Zinazoua Marubani Mawinguni

Juzi tena, mwanafunzi mwenye saa 90 angani ameniambia: "Mwalimu, ndege ikianza kuinama mimi huihisi kiunoni kabla hata sijatazama vyombo vinavyoonyesha ndege imekaaje." Nimeyasikia haya mpaka nimeacha kubishana. Namkalisha kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, anafumba macho, namzungusha kwa mwendo ule ule. Baada ya nusu dakika hivi anasema tumesimama, kumbe bado anazunguka. Nikikisimamisha kiti, anaapa kwamba sasa tunaelekea upande wa pili. Wenzake wanacheka, yeye akifumbua macho hacheki.

Majimaji ya sikio la ndani hutambua mabadiliko ya mzunguko tu. Mzunguko ukiwa wa mwendo mmoja, baada ya sekunde 20 hivi nayo huwa yameshaufuata, na ubongo unapewa habari kwamba kumetulia. Na kiuno? Bob Hoover, rubani wa maonyesho wa Marekani, alikuwa akimimina chai kwenye glasi huku ndege yake ikibingirika, na chai haimwagiki. Kama chai haijui juu ni wapi, kiuno chako kitajuaje?

Ndivyo ajali inavyoanza. Wingu limeficha upeo wa macho, bawa moja linashuka polepole, rubani hana habari. Pua inazama, kasi inapanda. Akiona kimo kinapungua anavuta usukani, na kuvuta kabla ya kunyoosha mabawa kunaukaza mzunguko tu. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Wasimulizi wengi huishia hapo, jambo linaloniudhi, maana watafiti wale wale waliwafundisha namna rahisi ya kugeuza ndege nyuzi 180 kwa vyombo, na karibu majaribio yote yaliyofuata yakafaulu.

"Hayo ni ya marubani wachanga." Rubani wa helikopta iliyoanguka na mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant, Januari 2020, alikuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo na saa zaidi ya 8,000. Alimwarifu mwongozaji wa ndege aliye ardhini kwamba anapanda. Alikuwa anashuka.

"Tableti inanionyesha mvua ilipo." Inakuonyesha ilipokuwa. Picha ile inaweza kuwa imechelewa dakika 15 au zaidi, na pengo uliloliona kati ya mawingu limeshazibika.

"Injini yangu nzima." Hongera. Ndege nyingi za ajali hizi hugonga ardhi zikiwa na injini nzima.

"Nikizidiwa nitageuza." Ukizidiwa umeshachelewa, geuza ungali unauona upeo. Kwangu sheria ni moja: ukishuka mara ya pili ili uendelee kuiona ardhi, unarudi ulikotoka, hata kama uwanja uko dakika tano mbele.