Ukienda kusikiliza spika, nenda na zako

Wanaoniomba ushauri wa kununua spika za muziki mara nyingi wameshazunguka maduka: moja London, jingine Leeds, jingine Edinburgh, na zilizowakaa moyoni ni za Leeds. Huwauliza: ulizilinganisha na nini? Jibu huwa ni kumbukumbu tu, na sikio halitunzi sauti kwa safari ya saa nne. Huenda kilichowapendeza Leeds ni chumba.

Mimi ni fundi wa kurekodi muziki, na njia ya London hadi Glasgow naijua kwa maduka yake. Uzuri wa kwenda kwa gari badala ya treni ni buti. Ndani yake hupakia LS3/5A zangu, spika ndogo zilizobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi waliofanya kazi ndani ya magari ya kurushia matangazo, pasipoenea spika kubwa. Kimo chake ni sentimita 30 hivi, uzito kilo tano na kidogo. Besi nzito hazina, ila sauti ya mtu huitoa kama alivyoimba. Nikifika dukani, kwanza naomba zifungwe zangu. Nikishasikia chumba kinazifanya nini, ndipo nasikiliza mpya, mahali palepale, kwa amplifaya ileile.

Kila chumba kina mvumo wake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 5 huvuma zaidi kwenye hezi 34 hivi, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, besi nzito kabisa. Mvumo huo hufura karibu na kuta na hufifia katikati. Spika zangu ndogo hazishuki hadi huko, basi hapo hutegemea miguu: wimbo ukipigwa kwa spika za duka natembea chumbani. Maduka hupenda kusukuma sofa hadi ukutani, mteja akaketi penye besi nyingi kuliko kwingine kote, akatoka akiisifu spika. Sogeza kiti mbele mita moja kwanza.

La sauti kubwa na ndogo ndilo linalowaponza wengi. LS3/5A ukizipa wati moja, umbali wa mita moja utapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 au 83. Spika nyingi za leo hutoa 88 kwa wati hiyohiyo. Desibeli 3 zikiongezeka, ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu. Zikiwa 6, ni mara nne. Ukibadilisha spika bila kugusa kitufe cha sauti, ile inayopaza itashinda, kwa sababu sikio hudhani kikubwa ndicho kizuri. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko sauti za kati. Kusawazisha sauti za spika mbili, programu ya simu ya kupima desibeli inatosha. Haihitaji kuwa sahihi, mradi uitumie ileile kwa spika zote mbili. Muuzaji mmoja Yorkshire alikuwa akipandisha rimoti kidogo kila zilipofika zamu za spika ghali. Nilimwonyesha simu yangu, akacheka, akashusha.

Huko Glasgow kuna habari nyingine. Ivor Tiefenbrun, aliyeanzisha kampuni ya vifaa vya muziki ya Linn mwaka 1973, alishikilia kwamba chumba cha majaribio kiwe na jozi moja tu ya spika, kwani zilizokaa bure nazo hutikiswa na sauti zikaichafua. Hilo nakubaliana nalo kiasi cha kutoa hata zangu nje zisipokuwa zamu. Imani yake nyingine, kwamba kwenye mtambo kinachotangulia ni kichezeshi cha santuri, sikubaliani nayo. Pesa nyingi ziende kwenye spika.

Muziki nao ubebe wako. Dukani utapigiwa dada mmoja anayeimba taratibu na besi ya mbao nyuma yake. Kwa wimbo wa namna hiyo hata redio ya jikoni inapendeza. Mimi hupiga taarabu ya zamani yenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla nyingi pamoja. Spika mbovu huzibananisha fidla zote zikawa kitu kimoja, na nyuzi za kanuni zikalia kama bati. Nzuri hukuachia umfuate mpiga kanuni peke yake, na maneno ya mwimbaji usiyakose.

Piga simu kabla ya kwenda, omba chumba siku za kazi maana Jumamosi pamejaa, na useme wazi kwamba unakuja na spika zako. Maduka mengine hukuazima kifaa ukakijaribu nyumbani, lakini cha Glasgow kukirudisha ukiwa unakaa London ni shughuli.

Kwa mlioko Mombasa na Dar mnaoagiza amplifaya zilizotumika: ya Uingereza hutumia umeme wa volti 230 na plagi ya pini tatu bapa kama ya kwetu. Ya Marekani ni volti 120, na nyingi hazina swichi ya kubadilisha. Mwambie muuzaji akutumie picha ya maandishi ya nyuma kabla hujalipa.