Uzito kuyumba wakati wa kupona matatizo ya ulaji: maana yake nini?

Mtu aliyejinyima chakula kwa muda mrefu, au aliyezoea kula kisha kujitapisha, anapoanza kula tena kwa utaratibu, uzito wake hupanda na kushuka bila mpangilio anaoutarajia. Unaweza kuruka kilo 2 ndani ya siku chache, ukakwama wiki kadhaa ilhali sahani zinamalizwa, ukapungua kidogo, halafu ukapanda tena. Hali hii ndiyo inayoitwa hapa uzito kuyumba. Madaktari na wataalamu wa lishe wanaotibu anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula) na bulimia (ugonjwa wa kula kisha kujitapisha) huitarajia. Tatizo ni kwamba mgonjwa na ndugu zake mara nyingi hawajaambiwa. Anayepona anaona namba imepanda, hofu inamshika, anapunguza chakula, na ugonjwa unapata mlango wa kurudi. Kwa hiyo maelezo haya yanapaswa kumfikia mtu kabla hajapanda mizani.

Mizani hupima vyote kwa pamoja: mifupa, misuli, mafuta, damu, chakula kilicho tumboni, choo ambacho hakijatoka, na maji. Haina namna ya kuvitenganisha. Ukinywa nusu lita ya maji sasa hivi, umeongezeka nusu kilo, wala hujanenepa hata kidogo. Na katika wiki za kwanza za kupona, sehemu kubwa ya kinachoongezeka ghafla ni maji.

Sababu ya kwanza ni akiba ya wanga. Ini na misuli huweka wanga katika umbo la glaikojeni, na kila gramu 1 ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Mtu mzima anayekula vizuri huwa na takribani gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo. Aliyekuwa na njaa amezitumia nyingi. Ugali, wali na viazi vinaporudi mezani, akiba inajazwa upya na maji yake, na hapo kilo moja au karibu mbili zinaweza kuonekana kwenye mizani bila mafuta kuongezeka. Sababu ya pili ni insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu. Inapopanda baada ya mlo, huziambia figo zibakishe chumvi, na chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki. Hakuna sahani ya pilau inayoweza kutengeneza kilo 2 za mafuta kwa usiku mmoja.

Kwa aliyekuwa akijitapisha, au akitumia dawa za kuharisha au za kukojoza, uvimbe unaweza kuwa mkubwa zaidi. Mwili uliokuwa ukipoteza maji kila siku hujilinda kwa kutoa kwa wingi homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuzuia chumvi na maji visipotee. Siku anapoacha kujitapisha, homoni hiyo haishuki siku hiyohiyo. Figo zinaendelea kushikilia maji ambayo sasa hayapotei tena. Vifundo vya miguu vinavimba, viatu vinabana, uso unaamka umejaa. Tezi za mate zilizo mbele ya masikio nazo zinaweza kuvimba siku chache baada ya kuacha kutapika, mashavu yakaonekana mapana. Inauma sana, kwa sababu haya yote humpata mtu wakati uleule ambao amefanya jambo gumu kuliko yote. Uvimbe wa maji kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Akizirudia dawa za kukojoza ili aupunguze, aldosteroni inapanda upya na safari inaanza mwanzo. Kama uvimbe ni mkubwa, daktari ana njia salama za kuushughulikia.

Wauguzi wa wodi za utapiamlo wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Mtoto mwenye kwashiorkor hufika hospitali amevimba, na uzito wake unamficha ukondefu. Akianza kupewa maziwa ya tiba ya F-75, mara nyingi uzito hushuka kwanza kwa sababu maji yanatoka, na muuguzi anafurahi. Kupanda kwa uzito wa kweli huja baadaye, kwenye F-100, maziwa ya tiba ya hatua inayofuata. Katika wodi hizo hakuna anayesoma namba ya mizani bila kutazama miguu ya mtoto.

Kisha kuna kipindi cha kukwama, ambacho huwashangaza hata wazazi wanaopika na kukaa mezani na mtoto wao mpaka amalize. Mwili wenye njaa hubana matumizi: moyo unapiga polepole, mikono ni baridi, homoni za tezi ya shingo zinapungua. Chakula kikirudi, matumizi yanafunguka. Mgonjwa wa anoreksia anaweza kuhisi joto kali na kutoka jasho usiku, na chakula kingi kikaishia kwenye joto hilo na kwenye ukarabati wa viungo vya ndani. Wakati huo jibu la wataalamu huwa ni kuongeza chakula, jambo ambalo mgonjwa huliona kama kitisho na kwa hiyo linahitaji kuelezwa kwa upole.

Mengi tunayoyajua hapa yalionekana wazi katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, ulioongozwa na Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya, waliokataa kupigana vitani kwa sababu ya dhamiri, walikubali kulishwa kidogo kwa wiki 24 ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia watu wa Ulaya walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliporuhusiwa kula, njaa yao haikuisha tumbo lilipojaa. Mafuta yalirudi haraka kuliko misuli, na baadhi yao walipita uzito wao wa zamani kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi karibu na ulivyokuwa. Hawa hawakuwa wagonjwa wa akili wala watu wasio na kiasi. Ndivyo mwili wa binadamu unavyojijenga baada ya njaa. Kwa anoreksia pia, mafuta ya mwanzo huelekea kukaa zaidi tumboni na kiunoni, kisha hujigawa upya mwilini kadiri mtu anavyodumu kwenye uzito wa afya, pengine kwa mwaka au zaidi.

Uvimbe mmoja haupaswi kusubiriwa nyumbani. Mtu aliyekonda sana akianza kula ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu yanaweza kushuka kwa hatari, hasa siku za mwanzo. Akivimba huku anakosa pumzi, moyo unakwenda mbio au ovyo, amechanganyikiwa au hana nguvu za kusimama, apelekwe hospitali mara moja. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo huanzishwa chakula chini ya uangalizi, akipimwa damu na kupewa vitamini B1.

Nyumbani kwetu salamu ya kwanza baada ya kutoonana ni "umenenepa!" au "umenawiri!", na husemwa kwa mapenzi. Kwa anayepona, neno hilo linaweza kuharibu chakula cha siku nzima. Mwambie umefurahi kumwona, muulize habari za masomo au kazi, mle pamoja. Mizani ya nyumbani iondolewe kabisa. Kupima kufanyike kliniki, kwa siku na mizani ileile, na wengine hupimwa wakiwa wameipa namba mgongo. Daktari hutazama mwendo wa wiki nyingi, akiulinganisha na mapigo ya moyo, shinikizo la damu, vipimo vya damu, usingizi, na kwa wasichana na wanawake, hedhi, ambayo inaweza kuchelewa miezi mingi hata baada ya uzito kurudi. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, lengo la uzito lenyewe hupandishwa kadiri anavyokua, kwa hiyo kilo zilizomtosha akiwa na miaka 14 hazitamtosha akiwa na 16.