Usisubiri sisimizi: maswali kuhusu kupima sukari, lehemu na presha

Wagonjwa wengi ninaowasafisha vidonda vya miguu wanagundua wana kisukari siku hiyohiyo, kwenye kiti changu. Mtu mzima, hajawahi kupima hata mara moja. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, na mengine nilitamani wangeuliza mapema.

Kupima umetaboli ni kupima nini?

Umetaboli ni kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuhifadhi kinachobaki. Tunapima sukari ya damu, lehemu (mafuta ya kwenye damu), presha, figo na mzunguko wa kiuno. Baadhi ya jimu wana mashine ya kupumulia kwa barakoa, inayoonyesha mwili unatumia nishati kiasi gani. Inamsaidia mwanamichezo kupanga mazoezi na chakula, lakini haipimi sukari yako.

Nakimbia na wenzangu wa jogging kila Jumamosi na najisikia vizuri. Nipime ya nini?

Kwa sababu kisukari cha aina ya pili hukaa mwilini hata miaka bila kukusumbua. Presha vilevile. Mazoezi yanapunguza hatari, hayaifuti, hasa kama mzazi au ndugu yako ana kisukari, au sukari yako ilipanda ukiwa mjamzito.

Lakini mkojo wangu hauvuti sisimizi, si ina maana sina sukari?

Naomba hili tuliache kabisa. Figo hurudisha sukari kwenye damu, na kwa kawaida huanza kuiachia kwenye mkojo sukari ya damu ikifika takribani 10 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu). Sisi tunahesabu kisukari kuanzia 7 kwa mtu ambaye hajala. Mwenye 8 asubuhi tayari anaumwa, na huenda chooni kwake asionekane sisimizi hata mmoja. Nimechoka kusikia “sisimizi hawajaja” kutoka kwa mtu mwenye kidonda cha miezi mitatu.

Basi nisubiri kiu na kukojoa usiku?

Hapana. Hizo huja sukari ikishapanda sana, na kufikia hapo macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu huenda vimeshaumia. Hapana tena: usisubiri dalili.

Na kama tayari unazo, yaani kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, kuona ukungu, ganzi miguuni, nenda leo. Si baada ya kumaliza chupa ya dawa ya mizizi, si mshahara ukitoka. Ukiona mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu au anachanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Nijiandae vipi?

Kaa masaa 8 bila kula, kunywa maji tu. Ukinywa chai ya maziwa “kidogo tu”, tuambie, tutapanga siku nyingine. Ukificha unajidanganya mwenyewe. Anayetumia dawa za kisukari aulize kwanza kabla ya kufunga. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, hakihitaji kufunga, ila mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme, maana majibu yanaweza kupotosha.

Namba zinasemaje?

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula ikiwa chini ya 6.1 ni ya kawaida, na 7.0 au zaidi ni kisukari. Kama huna dalili tunarudia siku nyingine kuthibitisha. HbA1c ya 6.5% au zaidi nayo ni kisukari. Presha ikirudia kufika 140/90, tuzungumze.

Kati ya 6.1 na 6.9 ndipo ninapotamani kuwakuta watu. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolenga kupunguza 7% ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa 58%. Kwa mwenye kilo 80, hiyo ni kama kilo tano na nusu. Nani atakuambia uko ukingoni kama hujapima?

Sukari yangu imeshuka. Niache dawa?

Imeshuka kwa sababu unazimeza. Njoo na daftari lako la kliniki tuamue pamoja, na viatu uvue nikague nyayo.