Jineri za kando ya ziwa na mizani ya mkulima

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma mwezi wa Julai, utapishana na malori yaliyofunikwa maturubai, na kwenye miiba ya kando ya barabara utaona pamba imenasa vipande vipande. Malori hayo yanakwenda jineri. Ndivyo tunavyokiita huku kwetu kiwanda cha kuchambua pamba. Baadhi ya jineri bado zinanguruma. Nyingine zimebaki mabati yenye kutu na popo darini. Katika kazi yangu ya kuhifadhi mambo ya kale nimeingia kwenye kadhaa za namna hiyo ya pili, na kila mara naombwa kueleza kwa nini tunahangaika na magofu ambayo hayajatimiza hata karne mbili.

Tuanze na mahali zilipojengwa. Jineri nyingi za zamani hazikuwa mbali na maji. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini ile ya kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi 1928. Katikati ya miaka hiyo, njia ya pamba ya Usukuma ilikuwa ziwa: robota, yaani furushi la nyuzi zilizoshindiliwa, linapakiwa melini, linavushwa hadi Kisumu, kisha linapanda treni kwenda pwani. Ndiyo maana hata kisiwa cha Ukerewe kilipata jineri yake, kule Murutunguru.

Ndani, mashine za rola zimepangwa safu. Tazama moja kwa karibu. Rola imevikwa ngozi ngumu yenye mikwaruzo, na mbele yake kuna kisu kisichotembea kilichoigusa kidogo tu. Ngozi inanasa nyuzi na kuzipitisha chini ya kisu. Mbegu haipiti, maana ni nene. Inabaki nje, na kisu cha pili kinachopanda na kushuka kinaigonga mpaka inaachia na kudondoka. Kazi yote ni hiyo. Injini moja kubwa ilizungusha shafti ndefu, na mikanda ikagawa nguvu kwa kila mashine. Vumbi lilikuwa jingi, na wazee waliofanya kazi humo wengi wanakohoa hadi leo.

Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado haijatolewa mbegu, nyuzi ni kama kilo 34 tu. Robota moja la kilo 181 kwa hiyo limekula zaidi ya kilo 500 za pamba iliyochumwa kwa mkono, ikatengwa uani, safi huku na fifi, ile ya daraja la chini, kule.

Lakini wageni ninaowatembeza huwa nawarudisha nje, penye mizani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye historia nzito kuliko mashine zote. Enzi za ukoloni wanunuzi walikuwa wafanyabiashara binafsi, nao wakulima walilalamika miaka nenda rudi kwamba wanapunjwa. Mtu amepalilia miezi, amebeba mzigo kichwani kutoka kijijini, halafu anasimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wa kuhakiki uzito. Kutokana na madai hayo ya mizani vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Mwisho wa miaka ya 1950, karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika, na ushirika ukawa na jineri zake wenyewe. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980, na soko likafunguliwa kwa makampuni binafsi mwaka 1994.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Jineri ilikuwa pia ghala la mbegu. Watafiti wa Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Mwanza, walipotoa aina mpya ya pamba, zile zinazoanza na herufi UK, ilipandwa kwanza eneo moja, ikachambuliwa kwenye jineri ya eneo hilo, na mbegu yake ikasogezwa eneo la pili, kisha la tatu. Kwa hiyo kila jineri ilitakiwa ipokee pamba ya eneo lake tu. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi wakaanza kukimbiza pamba popote walipoipata, mbegu zikachanganyika, na utaratibu uliojengwa kwa miongo kadhaa ukalegea ndani ya misimu michache. Hili linaniuma, kwa sababu mkulima hakuulizwa.

Sasa hivi wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita. Rola, shafti na mawe ya mizani yanauzwa kwa kilo. Kama jirani yako kuna jineri iliyofungwa, piga picha ya kibati kilichopigiliwa kwenye mashine kabla hakijang'olewa. Jina la mtengenezaji limeandikwa pale. Na kama babu au bibi ana stakabadhi ya pamba ndani ya sanduku, ile karatasi yenye kilo, daraja na bei, mwombe akusomee huku akikueleza msimu ule ulikuwaje na fedha zilinunua nini. Wengi watakutajia ng'ombe, na watakumbuka hata rangi yake.