Je, wajua kwa nini kipimo cha DNA hakimfanyi mtu kuwa Mcherokee?

Familia nyingi za Marekani, za weupe na za weusi, husimuliana kwamba bibi mmoja wa zamani alikuwa Mcherokee, yaani wa Cherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani. Siku hizi mjukuu hutema mate kwenye kichupa, huyatuma maabara, akangoja. Jibu lije asilimia 2 au sifuri, Taifa la Cherokee lililoko Oklahoma halitalitazama.

Hesabu yenyewe haishiki. Mtoto hurithi nusu ya DNA ya kila mzazi. Kutoka kwa bibi yule yule, mjukuu hupata kama robo, kitukuu kama thumni, kilembwekeza kama asilimia 3. Baada ya nusu ile ya kwanza mgawanyo ni wa bahati, hivyo ndugu wa tumbo moja hupata majibu tofauti. Vizazi tisa nyuma, mtu anaweza kuwa mzee wako wa kweli na usibebe hata chembe yake. Tena sampuli za kulinganishia kutoka kwa wenyeji asilia wa Marekani ni chache, na wana sababu ya kuzinyima. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu kwa utafiti wa kisukari, ikatumiwa pia kuchunguza skizofrenia na chimbuko lao. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichofanya utafiti huo kilikubali kuwalipa dola 700,000.

Kinachotazamwa ni jina. Kati ya 1898 na 1906, Tume ya Dawes, ya serikali ya Marekani, iliandikisha raia wa mataifa matano ya wenyeji asilia, Cherokee likiwemo, ili ardhi yao ya pamoja igawanywe. Waombaji walizidi 250,000. Waliokubaliwa ni kama 101,000. Anayetaka uraia leo huunganisha vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kizazi kwa kizazi, hadi kwa mzazi wa moja kwa moja aliyemo katika orodha hiyo. Wengi hukwama hapa: wamepata faili la ombi, kumbe lilikataliwa, au aliyeandikishwa ni ndugu wa bibi, si bibi mwenyewe. Ikiwa bibi alikuwa amehamia jimbo jingine kabla ya uandikishaji, kwa kawaida hayumo, hata kama damu yake ilikuwa kamili.

Orodha hiyo ina dhuluma yake pia. Waliowahi kuwa watumwa wa Wacherokee, pamoja na watoto wao, waliandikwa peke yao kama "walioachwa huru", bila kuonyeshwa kiwango chao cha damu ya Kicherokee, hata pale baba alipokuwa Mcherokee. Mkataba wa 1866 uliwapa haki za raia, lakini vizazi vyao vilipigania haki hizo hadi hukumu ya mahakama ya shirikisho mwaka 2017. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee ikafuta maneno "kwa damu" katika katiba.

Kupima damu kwa sehemu ni jambo la makarani wa serikali. Wacherokee walihesabu ukoo kwa mama, koo saba: mama akiwa na ukoo, mtoto anao, baba awe nani. John Ross, chifu mkuu kuanzia 1828 hadi 1866, alikuwa na thumni tu ya damu ya Kicherokee. Baba yake na babu zake walikuwa Waskoti. Lakini alikuwa kitukuu cha Ghigooie, mwanamke wa ukoo wa Ndege, kupitia kwa mama na mama wa mama. Kwa hiyo alikuwa wa ukoo wa Ndege, mzima.