Lengo la mgonjwa wa kiharusi si "apone" tu

Hapa Tanga, waulize ndugu wa mgonjwa wa kiharusi lengo la mazoezi ni nini. Watakwambia: apone. Tena wengi huamini lengo hupangwa na daktari, kazi ya mgonjwa ni kunyoosha mkono tu. Sivyo. Kupona ni tumaini, na si vibaya kuwa nalo, ila halipimiki wiki ijayo. Lengo ni bibi wa Ngamiani kusema anataka kutia udhu mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, kata ameishika kwa mkono uliolegea. Hapo mtaalamu wa fiziotherapia anajua aanzie wapi: vidole, kiwiko, kukaa bila kuyumba.

Tangu 1968 kuna kipimo cha watafiti Kiresuk na Sherman cha kuona lengo limefikiwa kiasi gani, kuanzia -2 hadi +2. Sifuri ndiyo matarajio yaliyokubaliwa, kwa hiyo ukipata sifuri umefaulu (walimu wetu wasisikie). Mapitio ya tafiti ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikuta ushahidi dhaifu: huenda kupanga malengo humwongezea mgonjwa kujiamini, lakini kwamba viungo hurudi haraka zaidi, haikuthibitika.

Na kama kiharusi kimemfunga ulimi, mwonyesheni vitu au picha, kikombe, kanga, mbuzi ya kukunia nazi, achague kwa kidole anachotaka kuweza kufanya.